Fundi wa Mageti Aliyetafuta Kusini Halisi

Nyota za Fundi zilikuwa mchele. Hivyo ndivyo tulivyoziita, yeye na mimi. Unapiga picha ya anga kwa dakika tatu, unatazama skrini ya kamera, na badala ya nukta unakuta punje ndefu, zote zimelala upande mmoja kama mchele uliomwagika kwenye sinia. Kwa miaka miwili kila picha aliyopiga ilikuwa mchele. Alitaka picha moja tu ya nukta. Alisema akiipata hiyo moja ataacha kunisumbua jioni, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asiipate haraka.

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikuwahi kumuuliza habari za ukoo wake. Nilijua ni mtu wa Magharibi ya nchi kwa sababu kila Desemba watu wa kwao walipita kumuuliza kama anaenda nyumbani, naye kila Desemba akajibu kwamba nauli imepanda. Watu wote walimwita Fundi. Hata mama yangu, ambaye huwaita wanawake wenzake kwa majina ya watoto wao, mwanamke huyu alimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa mbele ya ploti yetu ya kupanga, mtaa wa Kongo huku Kawangware: mabati manne juu, mageti yameegemezwa ukutani, na grenda ya kukatia chuma inalia tangu asubuhi mpaka mtu unasahau kwamba inalia.

Kwa wateja alikuwa mwongo wa kawaida, kama mafundi wengine. Sitaficha hilo kwa sababu nampenda. Niliwahi kusimama pale nikimsikia mama mmoja amekuja kudai geti lake.

"Fundi, geti yangu iko wapi? Si ulisema Jumanne?"

"Nilisema Jumanne."

"Leo ni Alhamisi."

"Kwani Jumanne zimeisha?"

Yule mama alicheka akiwa amekasirika, akaenda, akarudi Jumanne ya pili, na geti lilikuwa bado halijapakwa rangi. Lakini huyo huyo Fundi nilimwona akikata kipande cha chuma cha darubini mara tatu kwa sababu kilizidi kwa unywele. Unywele wenyewe aliung'oa kichwani, akaupitisha kwenye ufa, ukapita. "Unaona?" akasema. "Hapa nyota inatoka." Akakata tena. Geti la mtu lingeweza kukaa limepinda kidogo na akasema litazoea. Darubini haikuruhusiwa kuzoea kitu.

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni ni mimi ambaye mwalimu akihesabu wanafunzi anakosa mmoja, halafu anahesabu tena. Mara ya kwanza nilitumwa kwa Fundi na jiko la mama lililovunjika mguu. Njia nzima, ambayo ni hatua ishirini tu, nilipanga sentensi: mama amesema umtengenezee mguu wa jiko. Nilipofika grenda ikanyamaza, Fundi akanitazama, na sentensi ikapotea. Nikasimama tu na jiko. Watu wengine hapo huuliza, "Kwani wewe ni bubu?" Yeye alilitazama jiko, akanitazama mimi, akanipa ncha ya tepu ya kupimia na kusema, "Shika hapo." Nikashika. Akapima dirisha refu, akaandika kwa chaki, akapima jingine. Nilirudi nyumbani na jiko limepona na sijasema neno hata moja. Ilinichukua wiki nzima kukumbuka kwamba tepu ile ina ndoano mwishoni, na haihitaji mtu wa kuishika.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kila jioni. Hakuniuliza shule inaendaje. Aliniambia kitu, nikafanya. Nikiwa na neno nililisema, nikikosa hakulingoja. Mama alimwuliza siku moja, "Huyu mtoto huwa anakuongelesha kweli?" Fundi akamjibu, "Sana. Ni vile hawezi kuongea na grenda ikilia." Grenda ilikuwa imezimwa.

Macho yake yalikuwa mabaya. Miaka mingi ya kuchomelea bila kioo kizuri, anasema, akiwa kijana na kichwa kigumu. Kuna siku yaliwaka mpaka akashindwa kuyafungua, nikamkuta amelala kwenye benchi na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, dawa ya mafundi wote hapa mjini. Mteja akaja akaulizia madirisha. Fundi, viazi machoni, akamwambia, "Nayaangalia sasa hivi." Ndiyo sababu kwenye mambo ya nyota alihitaji mtu. Mikono yake ilijua kukaza bolti kwa kiasi cha robo ya robo, lakini nukta ndogo kwenye skrini hakuiona. Mimi niliiona. Yeye akiwa na spana, mimi nikiwa na macho, tulikuwa mtu mmoja mzima.

Alikuwa mtu wa kanisa, kwenye kamati ya akina mama, na alipoombwa afunge ibada watu waliketi kwanza maana walijua itachukua muda. Lakini jioni moja baada ya mahubiri kuhusu mbingu juu, aliniuliza, "Juu ni wapi, mami? Juu ya mtu wa hapa Kongo na juu ya mtu wa Ulaya si mahali pamoja. Kila mtu anaonyesha kwake." Nikafikiri ameanza kuasi. Jumapili iliyofuata alikuwa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, anaimba kuliko wote.

Darubini aliipata kwenye mitumba, chini ya mahema na viatu vya kupanda milima, na stendi yake ikiuzwa kando na mtu asiyejua ni ya nini. Kamera ilikuwa ya mpiga picha wa harusi aliyefunga kazi. Wacha nieleze stendi, maana nikisoma daftari hili nikiwa mzee sitaki niwe nimesahau.

Dunia inajizungusha. Sisi hatuhisi, lakini darubini inahisi: ukiilenga nyota, baada ya muda mfupi nyota imeshatoka. Kwa hiyo darubini ya kupigia picha hukaa juu ya stendi yenye mhimili na mota ndogo. Mota inazungusha mhimili polepole kinyume na dunia, ili nyota ibaki pale pale. Lakini lazima mhimili wa stendi ulale sambamba kabisa na mhimili wa dunia. Ukikosea, mota inazunguka vizuri kabisa, ila kwa njia isiyo yake, na unapata mchele.

Watu wa kaskazini mwa dunia wana nyota moja iliyokaa karibu kabisa na ncha. Wanaichungulia, wanaikazia, wanaendelea na chai. Sisi tuko karibu na ikweta. Nyota hiyo iko chini ya ardhi yetu, na ncha ya kusini iko juu ya upeo kwa digrii moja na kitu, yaani nyuma ya mabati ya watu, nyuma ya miti, nyuma ya moshi. Mhimili wetu hausimami kama mlingoti. Unalala karibu chali, miguu ikielekea kusini. Na ile stendi ya mitumba ilikuwa na kipimo cha digrii kinachoishia ishirini; ukiishusha zaidi, chuma kinagonga chuma. Nilidhani Fundi atakasirika. "Walioitengeneza hawakuwaza kuna mtu anaishi huku," akasema tu, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema ploti ya fulani ina mteremko. Akaichomelea kabari ya chuma chini, akakata mguu mmoja uliokuwa unagonga ule uzito wa kusawazisha darubini, na stendi ikalala. Kwa pima maji tukaiweka digrii moja na kitu. Upande wa juu na chini ukawa sawa.

Ikabaki kujua kusini iko wapi.

Hapo ndipo tulipopotea miaka miwili. Kwanza tulijaribu dira. Lakini tulikuwa juu ya paa la ploti, sakafu ya zege yenye nondo ndani na nondo nyingine zimechomoza pembeni zikingoja ghorofa ijayo, tanki la maji likiwa juu ya kitako cha chuma. Dira ikasema kusini iko kwa tanki. Tukasogea hatua tatu, ikasema kusini iko kwa ngazi. Fundi akaifunga. "Hii imelewa," akasema.

Ndipo tukatumia ukuta. Mwenye ploti alikuwa mzee ambaye ukoo wao ulikuwa na ardhi hapo tangu Kawangware ikiwa mashamba. Alihifadhi ramani ya ploti ndani ya bahasha ya kaki, na mpangaji mpya alionyeshwa ramani kabla ya kuonyeshwa choo. Hamsini kwa mia. Ukuta wa mbele, ule wa barabarani, futi hamsini, unatoka kaskazini kwenda kusini sawasawa, soroveya wa serikali alipima. Alisema hivyo kila mara: "Ukuta wangu si wa kubahatisha." Basi Fundi alivuta uzi sambamba na ukuta, akaiweka stendi kwenye uzi, na tukaanza kupiga picha.

Mchele.

Alilaumu mota, akaifungua, akaisafisha kwa mafuta ya cherehani aliyoomba kwa mama yangu. Mchele. Alilaumu betri. Alilaumu upepo, akashona kizuizi cha gunia. Alilaumu watoto wanaokimbia kwenye ngazi, na kwa wiki mbili akawahonga ndizi wakae chini. Mchele, na watoto wakazoea ndizi. Kila kitu alikilaumu isipokuwa ukuta. Nami sikushangaa wakati huo, kwa sababu nani atabishana na soroveya.

Paa alipewa bure, kwa kuwa alikuwa amemtengenezea mzee kitako cha tanki. Lakini likizo ya Desemba, nikingoja kuingia Fomu Tatu, mzee akatangaza kwamba Januari anaongeza ghorofa. Paa lingekuwa vyumba vya watu.  Fundi akaja tu kila jioni mapema zaidi, na mawingu yakija hakushuka, alikaa akiyangoja. Nilimwona ameanza kuogopa, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu, hata umeme.

Nikaandika kwenye karatasi kile ambacho mwalimu wa Jiografia alitufundisha: kivuli kifupi kuliko vyote kwa siku huelekea kaskazini au kusini kamili. Nikampa. Alisoma, akaipindua karatasi kama mtu anayetafuta bei upande wa pili, akaigeuza tena. Halafu akasema, "Sawa. Leta timazi."

Tulifunga timazi kwenye kitako cha tanki, nati nzito mwisho wa uzi, tukaweka chaki pale kivuli cha nati kilipoangukia. Jua la Desemba liko upande wa kusini, kwa hiyo kivuli chetu kilielekea kaskazini. Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi na kanga kichwani, kila baada ya muda naweka alama. Saa sita ilipofika Fundi akapanda mbio na mkate mkononi, akakuta kivuli bado kinapungua. Kilipungua mpaka karibu saa sita na nusu ndipo kikaanza kurefuka. "Kumbe saa sita ya redio si saa sita ya jua," akasema. Alasiri tukachukua alama mbili zenye urefu sawa, moja ya kabla na moja ya baada, tukapata katikati, tukavuta laini ya chaki paa zima kutoka kaskazini mpaka kusini.

Haikukubaliana na ukuta. Kwa kila mita moja, laini na ukuta viliachana kwa vidole viwili. Nikapiga hesabu ya tangenti, ile niliyokuwa nikilia nayo muhula wa pili, kwa futi zote hamsini. Kona moja ya ukuta ilikuwa imeingia barabarani karibu futi mbili. Nilimwonyesha Fundi nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota pesa.

Alitazama daftari kwa umbali, alivyokuwa akitazama vitu vyote. "Hesabu yako ni safi," akasema. "Iweke hapo daftarini. Isitoke."

Nikaitikia. Nililala nikijua kesho jioni tutaiweka stendi kwenye laini ya kweli na atapata nukta zake.

Kesho yake saa nane mchana mzee alipanda na kontrakta, kupima paa. Mimi na Fundi tulikuwa tunasogeza stendi. Kontrakta akaiona chaki.

"Hii laini ni ya nini?"

"Ni mambo ya nyota tu," Fundi akasema.

"Ya nyota?" Mzee alicheka, alikuwa na furaha siku hiyo. "Huyu Fundi anataka kwenda mwezini na mageti ya watu hajamaliza. Lakini mbona imeenda kombo? Si nilikwambia ufuate ukuta? Mimi ukuta wangu ni ramani."

Sijui kilichonipata. Miaka yote watu wananiuliza vitu na sentensi zinapotea. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza, na sentensi ikatoka nzima, na namba ndani yake. "Si laini iliyoenda kombo," nikasema. "Ni ukuta. Kona ya huku imeingia barabarani futi mbili kasoro."

Kontrakta akaenda ukingoni akachungulia chini, jicho moja amefunga. "Haiya," akasema polepole. "Mzee, huyu msichana ako na jicho."

Mzee hakunitazama mimi. Alimtazama Fundi, muda mrefu, kama watu wawili wenye siri moja. Halafu akasema bila kupaza sauti, "Fundi, toa vitu vyako hapa juu kabla ya jioni. Na pale chini pia, nataka kuweka kokoto."

Pale chini ni karakana.

Tulishusha stendi kwa ngazi, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Aliniambia tu niangalie ngazi ya tatu, imemeguka. Kufikia mwaka mpya mabati yake manne yalikuwa hayapo, na mbele ya ploti kulikuwa na rundo la kokoto. Hakuacha namba ya simu. Watu walisema mengi: amerudi nyumbani, amefukuzwa kwa kodi, macho yamezimika. Mama alisema, "Fundi mzuri namna ile, sijui alimkosea mzee nini." Mimi nilikuwa najua, nikala ugali wangu kimya. Mwaka mzima sikunyoosha mkono darasani hata mara moja. Niliona nimesema mara moja tu maishani na nimemvunjia mtu kazi yake, na ile picha moja aliyoitaka.

Mwezi wa pili mwaka huu, nikiwa Fomu Nne, tulipofunga wiki ya katikati ya muhula nilienda kwa shangazi yangu anayekaa Kianda, Kibera. Shangazi alikuwa analalamika kuhusu mlango. "Nimeambiwa kuna mama fundi Silanga, mkono wake ni mzuri. Shida yake ni moja. Ukimwambia Jumanne..."

Sikungoja amalize.

Silanga iko chini, kandokando ya bwawa. Nilipita wauza makaa na mafungu ya sukuma wiki, nikaisikia grenda kabla ya kumwona. Mabati yalikuwa yale yale manne. Nilikuwa nimepanga sentensi tangu Kianda, sentensi ya kuomba msamaha, ndefu, yenye "kwa kweli" mbili. Grenda ikanyamaza.

"Sasa, mami," akasema, kana kwamba nilitumwa dukani. "Umekuwa mrefu. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Mawingu hakuna. Unalala wapi?"

"Kwa shangazi, Kianda."

"Mpigie umwambie utachelewa kidogo, nitakusindikiza mwenyewe. Nimekosa macho mwaka mzima. Kuna kijana nilijaribu, nikimwuliza nyota imeenda wapi ananiambia imeenda tu."

Nikaitoa sentensi yangu. Ilitoka vipande vipande, lakini ilitoka. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Tutaongea. Sasa hivi jua linazama, shika huu mguu."

Nyuma ya karakana kulikuwa na kipande cha ardhi kabla ya mashamba ya bwawani, na upande wa kusini hakuna ukuta, hakuna nondo, hakuna tanki. Ni bwawa na majani yake, na taa za mbali ng'ambo. Ameweka mawe matatu ya miguu ya stendi, ameyazika kwenye saruji. Kumbe Desemba iliyopita alitumia timazi peke yake, akapata laini kwa kivuli, maana kivuli cha nati ni kikubwa na aliweza kukiona. Kilichomshinda ni kosa dogo lililobaki, ambalo kivuli hakiwezi kulisema.

Hilo husemwa na nyota. Giza lilipoingia tulilenga nyota moja iliyokuwa karibu utosini, nikakazia macho kwenye skrini, kwenye mistari miwili iliyovukana. Nyota ikiteleza kwenda kaskazini, mhimili umekosea upande mmoja. Ikiteleza kusini, umekosea upande wa pili. Ikitulia, umefika.

"Imeenda wapi?" akauliza, spana mkononi.

"Kaskazini. Polepole."

"Nisukume wapi?"

"Upande wa makaa."

Akazungusha bolti kiasi ambacho mimi sikuona mkono ukisogea. Tukangoja. "Bado kaskazini, lakini imepungua." Akasukuma tena. "Imepita. Rudi upande wa shamba." Nilikuwa nasema kwa sauti, maana yeye alikuwa ameinama chini ya stendi, na muuza makaa jirani aliyekuwa anafunga alikuwa anasikia yote. Sikujali. Karibu saa mbili usiku nyota ikatulia.

Tukageuza darubini kwenye zile nyota tatu zilizopangana mstari, pale chini yake penye ukungu, tukafungua kamera dakika tatu. Picha ikatokea. Ukungu ulikuwa pale, una umbo kama bawa, sijawahi kuona kitu kama hicho. Fundi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia skrini, halafu akaurudisha nyuma. Niliona kwamba haoni.

"Niambie," akasema. "Nukta ama mchele?"

Nilijua ningeweza kusema nukta. Ilikuwa karibu sana kuwa nukta. Angefurahi, angelala, asingejua kamwe, na mimi ningekuwa nimemlipa kwa ule mchana wa paa.

"Mchele," nikasema. "Mchele mdogo sana. Lakini ni mchele."

Alitikisa kichwa, akaokota spana. Hakukunja uso hata kidogo. Tukarudi kwenye nyota ya utosini, tukasukuma mara moja tena, kidogo kuliko zote. Tukafungua kamera dakika tatu nyingine.

Katika dakika tatu hizo hutakiwi kugusa kitu wala kutembea. Tulisimama tu. Ndipo alipoongea.

"Lile geti la mzee, la ukuta wa barabarani, nani alilichomelea?"

"Wewe."

"Nguzo zake nani alizichimbia?"

Niligeuza shingo kumtazama.

"Mzee aliniita asubuhi mapema, akanionyesha: hapa, si pale. Nikaona kabisa beacon, lile jiwe la mpaka la soroveya, iko ndani, na mimi nachimba nje. Futi mbili. Nikasema ni mambo ya wenye ardhi, mimi ni wa chuma. Nikachimba, na ukuta ukafuata nguzo zangu." Mota ilikuwa inanguruma taratibu. "Halafu nikapanda juu na uzi wangu nikautumia ukuta ule ule kutafuta kusini. Miaka miwili, mami. Nikalaumu betri. Nikalaumu watoto wa watu. Ningelaumu ukuta ningejilaumu mimi. Ulipoleta karatasi yako ya kivuli nilijua kitakachotoka, na bado nilitaka uniambie wewe."

"Lakini ulinikataza nisiseme."

"Nilikukataza kwa sababu ya karakana. Vizuri hukunisikia."

Kamera ikafunga, tik. Nikainama kwenye skrini na kukuza picha, kona ya juu, kona ya chini, katikati, kona zote nne. Nilichukua muda wangu. Hakunihimiza.

"Nukta," nikasema.

Hakuniuliza kama nina hakika. Alikaa chini juu ya debe la rangi lililopinduliwa, spana bado mkononi, akatazama upande wa darubini kama mtu anayesikiliza.

"Ziko ngapi?"

"Ni nyingi, Fundi."

"Hesabu."

Nikaanza kutoka kona ya juu, kwa sauti, ili azisikie moja moja. Nilipopita themanini yule muuza makaa akasimama na gunia begani, akauliza tunahesabu nini usiku.

"Nukta," Fundi akamjibu. "Wacha amalize."